Siku saba za juisi tupu: kilo nne zilitoka, tatu na nusu zikarudi

UaLaAsumini (Lamu)

Assalamu alaykum wadau.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa miezi mingi. Leo nimeona niandike, kwa sababu wiki hii wanawake watatu wameniuliza jambo moja, mmoja wao tukiwa twashuka ngazi za jeti ya boti na mizigo mikononi: "Hebu nambie, ile juisi ulifanyaje ukapungua vile?" Waliniona siku ya harusi ya mpwa wangu. Siku kumi baadaye, uzito uliporudi, hakuna aliyeniuliza kitu. Basi nayasema yote hapa, ili anayetaka kuifuata njia yangu ajue inakoelekea.

Mimi ni wa Langoni, miaka 38, watoto watatu. Harusi ilikuwa imebakisha siku nane, nikalitoa sandukuni gauni langu la hariri, zipu ikakataa kuvuka kiuno. Nikaenda duka la dawa nikapanda mizani: kilo 86. Usiku huohuo nikamtumia mtu shilingi 4,500 kwa simu. Nikaletewa karatasi ya ratiba na pakiti ya unga wa kijani ambayo haikuandikwa kilichomo. Ahadi ilikuwa kilo tano hadi nane kwa wiki moja, na "sumu zote kutoka mwilini". Muuzaji simtaji, maana wako wengi na maneno yao ni yaleyale.

Ratiba ni bilauri sita kwa siku, hakuna kutafuna. Alfajiri ndimu na tangawizi, saa nne karoti na chungwa, adhuhuri mchicha na nanasi na ule unga, alasiri embe, magharibi tikiti, na kabla ya kulala dafu.

Siku mbili za kwanza nilizivuka kwa hamu. Siku ya tatu kichwa kiligonga tangu alfajiri, na harufu ya mahamri ya jirani, ile iliki, ikawa yapanda hadi dirishani kwangu kama mtu aniitaye kwa jina. Lakini mizani ikasema 83.5. Wallahi nililia kwa furaha.

Siku ya tano siisahau. Nilikuwa uani nachuja karoti kwa kitambaa cha melimeli. Nikakamua na kukamua mpaka makapi yakabaki mkononi makavu kama unga wa msumeno. Ilitoka bilauri moja ya juisi na bakuli zima la makapi, ambayo kwetu hupewa mbuzi. Mamangu alikuwa ameketi akinitazama tu. Mwishowe akasema kwa Kiamu chake, lahaja yetu ya Lamu ambayo maji huitwa "mai": "Mwanangu, mbuzi yuala chakula, wewe wanwa mai. Na kitakachokutoka ni mai."

Nilimkasirikia. Nilimwona hajui mambo ya kisasa.

Siku ya sita nikitoka sokoni, hapo karibu na ngome, macho yakaingia giza. Muuza mboga akanikalisha juu ya kreti la soda akanitia tende mbili mkononi. Nilizila. Sijui kama hilo lahesabiwa kuvunja ratiba, lakini najua miguu ilirudi.

Siku ya saba: 81.8. Zipu ikapanda. Harusini nilisifiwa hadi nikachoka kujibu. Nikala biriani kama mtu yeyote, si sahani mbili, si kwa pupa. Siku tisa baadaye nikarudi kwenye mizani ileile, 85.3.

Kwa hiyo nauliza wenye elimu: kilichonitoka kilikuwa nini hasa? Nilifanya kosa gani zikarudi upesi vile? Na yuko aliyefanya zisirudi?

KijanaWaMkomani

Pole dadangu. Mimi nilijaribu siku tatu nikaacha. Usiku wa pili nilikuwa jikoni saa nane nala mkate wa kumimina wa jana yake, nimesimama gizani. Baada ya hapo nikala wiki nzima kama niliyetoka safari. Nafuatilia uzi.

MalindiKwetu (Malindi)

Naomba nipinge kwa heshima. Mimi nilifanya siku tano mwezi wa pili. Nilikuwa 97, nikatoka 93, na leo ni 89. Hazikurudi. Juisi yafanya kazi, tatizo ni watu kurudia biriani. Tusivunjane moyo.

LisheNaMaisha (Malindi)

Wa alaykum salaam UaLaAsumini. Nafanya kazi ya lishe, na swali hili huletwa kwangu kila msimu wa harusi. Nianze na wewe, kisha nimrudie ndugu yangu wa Malindi.

Mamako amesema kweli kuliko aliyekuuzia unga.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, huitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima hufika kama nusu kilo, na kila gramu yake hushika maji kama gramu tatu. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hiyo ndiyo huguswa kwanza, na maji iliyoyashika huteremka chooni. Hapo pekee zaweza kuondoka kilo moja hadi mbili. Ongeza kwamba kwa wiki nzima hukula chumvi ya mchuzi wala ya mkate, na chumvi ikipungua mwili huachia maji. Ongeza kwamba utumbo ulikuwa mtupu, na chakula kilichomo tumboni nacho kina uzito wake.

Sasa mafuta. Mwanamke wa umri wako na uzito wako hutumia takriban kalori 2,000 kwa siku. Bilauri zako sita nakadiria zilikuwa na kalori 900. Upungufu ni 1,100 kwa siku, mara siku saba ni 7,700. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori hizohizo 7,700. Yaani wiki nzima ya kichwa kugonga na macho kuingia giza, mafuta yaliyoweza kutoka ni kilo moja. Hata hiyo kilo si mafuta matupu. Mwili wako wa kilo 86 wahitaji kama gramu 69 za protini kila siku, na bilauri ya juisi ya matunda ina gramu moja au mbili tu. Zikikosekana, mwili hujitafuna misuli.

Lakini kuna jambo nataka ulisikie vizuri, maana naona wajilaumu. Kilo 3.5 zilizorudi si mafuta ya biriani. Ili uote mafuta kilo tatu na nusu kwa siku tisa ungehitaji kula kalori zaidi ya 26,000 juu ya mahitaji yako. Hukula hivyo. Ulikula wali, akiba ikajazwa, maji yakarudi mahali pake, utumbo ukapata kazi. Hukukosea kitu baada ya harusi.

Kuhusu "sumu": figo zako huchuja kama lita 180 za majimaji kila siku, na ini halilali. Hakuna juisi ifanyayo kazi hiyo. Anayeuza juisi ya kutoa sumu mwambie aitaje sumu hiyo kwa jina lake.

MalindiKwetu, nataka kukuuliza bila ugomvi. Baada ya zile siku tano ulikuwa wala nini?

MalindiKwetu

Swali zuri. Nilikuwa na kawaida ya soda mbili kila siku kazini, sijazirudia. Chapati nilikuwa nala nne asubuhi, sasa moja na maharagwe. Na kila alfajiri natembea kutoka nyumbani hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama na kurudi.

LisheNaMaisha

Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, zaidi ya vijiko saba vya chai. Wewe umeacha mbili kila siku tangu mwezi wa pili, na ukapunguza chapati tatu, na watembea. Kaka, hizo kilo nane hukupewa na juisi ya siku tano. Umezitoa mwenyewe kwa miguu yako.

MalindiKwetu

Nimeisoma mara mbili. Nakubali nusu. Bila zile siku tano singeanza. Zilinipa moyo, nikajua naweza kukataa kitu nikipendacho.

LisheNaMaisha

Hilo sikunyang'anyi. Wako watu kama wewe, siku chache ngumu huwafungulia mlango. Ila kwa kila mmoja wako, mimi naonana na wengi waliofanya mara ya tatu na ya nne, kila mara wakirudi palepale na misuli imepungua. Ningependa watu waingie kwa mlango mwingine.

NyumbaYaShela

Mbona twaambiwa matunda ni sukari ya asili haina madhara? Mimi nawapa wanangu juisi ya embe kila siku badala ya soda.

LisheNaMaisha

Tunda lenyewe, kula. Juisi ni jambo jingine. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa sukari, na sukari ya juisi ya matunda imewekwa kapu moja na sukari ya kopo, hata kama hukuongeza kijiko. Kiwango ni chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Sasa chukua embe moja kubwa, nyama yake gramu 300. Ina sukari kama gramu 40. Ukilila kwa kisu, wachukua dakika kumi, nyuzinyuzi zakushibisha, la pili hulitaki. Ukilisaga na kulichuja, wamaliza kwa mikupuo mitano na bado una njaa. Ukisaga bila kuchuja ni nafuu kuliko kuchuja, lakini tunda zima bado lashinda.

Na ile bakuli ya makapi ya UaLaAsumini, zile ndizo nyuzinyuzi zenyewe.

MamaWaWatatu (Lamu)

Nataka kuongeza jambo na nimelifikiria sana kabla ya kuandika, maana lanihusu nyumbani.

Mama mkwe wangu ana sukari, atumia vidonge vya glibenklamaidi. Mwaka jana akasikia kwa majirani kuhusu juisi ya karela na tango ya siku saba. Akaanza bila kutwambia. Vidonge aliendelea kumeza kama kawaida, chakula akaacha. Siku ya pili alasiri nikamkuta kitandani jasho limemtoka shuka imelowa, aongea maneno hayashikani, hanitambui. Nikamkumbuka dada yangu aliyewahi kunieleza, nikamsugulia asali ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku wanangu wakikimbilia boti. Tulipofika hospitali sukari ilikuwa bado chini. Alipona, Alhamdulillahi, lakini muuguzi alisema tungechelewa saa moja ingekuwa habari nyingine.

Kwa hivyo tafadhali. Mwenye kumeza vidonge vya sukari asikate chakula kwa sababu ya kitu alichotumiwa kwenye simu.

LisheNaMaisha

Asante mama kwa kulisema. Vidonge vya namna hiyo na sindano ya insulini huendelea kuishusha sukari uwe umekula au hukula. Na si wao pekee. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama losatani na enalaprili, awe mwangalifu na madafu mengi na juisi nyingi kwa mpigo, kwa sababu ya madini ya potasiamu. Ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo. Balungi nalo hugongana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli. Mjamzito na anayenyonyesha asifanye kabisa. Mwenye vidonda vya tumbo, ndimu ya alfajiri tumbo likiwa tupu atajua mwenyewe kabla ya saa tatu.

NyumbaYaShela

Ninao mbirimbi uani, ule mti wa matunda machachu, umezaa mpaka waanguka. Nimeambiwa juisi ya birimbi yakata mafuta upesi kuliko ndimu. Je?

LisheNaMaisha

Hapa naandika kwa herufi nzito kama ningeweza. Usinywe juisi ya birimbi.

Birimbi kwenye achari, vipande viwili kwenye mchuzi wa samaki, hakuna neno, wazee wetu wamekula hivyo. Lakini birimbi lina asidi ya oksaliki nyingi sana. Ukikamua matunda mengi kwa bilauri moja na kunywa kila siku, oksalati, yaani chumvi ya asidi hiyo, hugandana na kalsiamu ndani ya figo na kuziziba. Huko Kerala, kusini mwa India, ambako mti huu nao umejaa nyuani, madaktari waliandika mwaka 2013 kuhusu watu kumi ambao figo zao zilisimama baada ya kunywa juisi yake, wakiitumia kushusha kolesteroli. Saba kati yao ilibidi wasafishwe damu kwa mashine. Figo zao zilirudi, lakini baada ya wiki kadhaa.

Mchicha nao una oksalati. Kuupika kwa maji na kumwaga maji yale hupunguza nyingi. Kuusaga mbichi kila siku kwa wiki nzima ni kuzibeba zote. UaLaAsumini, hilo lilikuwa kwenye ratiba yako, na ule unga wa kijani hatujui ulikuwa nini. Ukipata nafasi pima figo. Ni kipimo cha damu cha kawaida.

NyumbaYaShela

Subhanallah. Nilikuwa nishakusanya ndoo. Naenda kuzitia chumvi nizianike za achari.

KijanaWaMkomani

Swali moja. Nilisoma kwamba Uingereza watu walikunywa vinywaji tu miezi kadhaa wakapungua na sukari ikaondoka. Hiyo si ileile?

LisheNaMaisha

Si ileile, na nafurahi umeuliza kwa sababu wauzaji huutumia utafiti huo. Ulitoka mwisho wa 2017. Watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili, nusu yao wakapewa vinywaji maalumu badala ya chakula, vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, asilimia 46 ya waliopewa walikuwa hawana tena kiwango cha kisukari bila dawa, na upande wa pili asilimia 4. Ni jambo kubwa kweli. Lakini vinywaji vile vina protini, vitamini na madini yaliyopimwa, dawa zao zilisimamishwa na wahudumu tangu siku ya kwanza, na baada yake walirudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua na kuangaliwa kwa muda mrefu. Juisi ya karoti na ratiba ya WhatsApp havina hata kimoja cha hivyo. Hata kwa usimamizi, kupungua kwa kasi huongeza hatari ya vijiwe kwenye nyongo.

UaLaAsumini

Nimesoma kila neno. LisheNaMaisha, Mungu akulipe. Ile hesabu ya 26,000 nimemsomea mume wangu kwa sauti. Wiki zote hizi nilikuwa nimejiona sina nguvu ya nafsi, kumbe ni maji yalikuwa yarudi kwao.

Nimempigia na mamangu. Nimemwambia wataalamu wamesema ni mai. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kipimo cha figo nitafanya wiki ijayo, inshallah. Na kwa walioniuliza jetini: tangu mwezi uliopita nimeacha chai ya sukari vijiko vitatu, sasa nusu kijiko. Mahamri nala Ijumaa. Mchana wali ni sahani ndogo, samaki na mboga ndio wengi. Kilo moja na robo imetoka kwa wiki tano. Ni polepole, lakini silali na njaa na sijaona giza tena.

BiHarusiWaMwezi

Samahani kwa kuingia mwisho. Nipo Malindi, harusi yangu ni siku kumi na mbili zijazo inshallah. Gauni limenibana mbavuni. Machungwa na karoti nishanunua, nilikuwa nianze kesho. Nimesoma uzi wote, nimeogopa, lakini gauni halijui kusoma. Nifanye nini?

LisheNaMaisha

Hongera bibi harusi. Kwa siku kumi na mbili ukila kwa kiasi waweza kupata nusu kilo hadi kilo moja ya kweli. Punguza chumvi, acha soda na viazi vya kukaanga, kula samaki na mbaazi, lala mapema. Tumbo litapungua kujaa. Zaidi ya hapo ni kutaka kuzimia siku ya kutolewa nje mbele ya watu.

UaLaAsumini

Mdogo wangu, mimi nililipa 4,500 na siku saba za maisha yangu kwa ajili ya zipu moja. Gauni lile nimelipeleka kwa fundi majuzi, jambo ambalo ningefanya siku ya kwanza. Mafundi wazuri huacha kitambaa ndani ya mshono. Lipeleke lako leo hii kabla hajafunga, mwambie alipindue aangalie.

BiHarusiWaMwezi

Nimetoka huko sasa hivi. Amelipindua, akapitisha kidole kwenye mshono kote. Kuna nusu inchi kila upande, na zaidi kidogo mgongoni. Ameniambia nirudi kesho baada ya alasiri. Machungwa wadogo zangu wameyamenya, wako barazani wanayala.